Riba ya mahakama na gharama za kesi: nani anakula mali ya yatima?

Ijumaa moja baada ya swala nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya msikiti mmoja hapa Maili Moja, Kibaha, pamoja na wazee wanne watano, tukisubiri jua lipunguze makali. Akaja kijana ambaye umri wake sidhani kama unafika miaka 25, ameshika bahasha ya kaki. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akakaa mbele ya mzee wetu ambaye kwa miaka mingi alisomesha madrasa.

"Mwalimu, nina masuala," akasema. "Nataka kuitia saini hii karatasi, lakini moyo haujatulia."

Habari yake ilikuwa hivi. Baba yake alifariki yeye na dada zake wawili wakiwa wadogo. Ukoo ukakaa, ukamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamthibitisha. Mali ilikuwa nyumba na shamba la mikorosho na minazi upande wa Kisarawe. Baba mdogo akavuna korosho msimu baada ya msimu. Baadaye akauza kipande cha shamba. Watoto walipokua na kuuliza hesabu, walichopata ni kufokewa. Sasa wamemtafuta wakili, naye amewaandalia madai. Wanaomba shamba lirudi au thamani yake ilipwe, wanaomba riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu mpaka siku ya malipo, na mwisho wanaomba gharama za kesi.

"Hiyo ya riba, Mwalimu. Niitie saini?"

Baraza ikagawanyika papo hapo. Mmoja akasema riba ni riba hata ikitolewa na jaji. Mwingine akasema sheria ya nchi imeruhusu, chukua haki yako, dhambi ni ya aliyeitunga. Wa tatu akasema huyo ni baba yako, msamehe yote, uache mahakama. Mabishano yakapamba moto kweli kweli. Mwalimu alikuwa kimya. Walipotulia akamuuliza kijana swali moja tu: "Na baba yako mdogo, wakili wake anamlipa kwa fedha gani?"

Kijana akajibu: "Za korosho, Mwalimu. Za shamba hilo hilo."

Hapo baraza ikanyamaza. Mimi nimeandika makala haya kwa sababu ya kunyamaza kule. Sisi Waislamu tukisikia neno riba masikio yanasimama, na ni haki yasimame. Lakini neno "gharama" linapita kama upepo, na mara nyingi ni katika hilo neno la pili ndimo mali ya yatima inamoliwa.

Tuanze na riba yenyewe. Katika Tanzania Bara mgao wa mirathi ya Muislamu unaweza kufuata sheria ya Kiislamu. Sheria za nchi zinaitambua, na Mahakama za Mwanzo husikiliza mirathi ya aina hiyo kila siku. Lakini shauri la madai likifika Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, mwenendo wake unaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka asilimia 7 kwa mwaka juu ya fedha zilizoamriwa kulipwa, kuanzia siku ya hukumu mpaka deni liishe, au kiwango kingine kisichozidi asilimia 12 kama wahusika walikubaliana waziwazi. Matokeo yake ni kwamba Muislamu huyo huyo, katika mali hiyo hiyo, anagawiwa mafungu kwa Suratun-Nisaa halafu anahesabiwa riba kwa sheria ya mwaka 1966. Hakimu hana kosa. Yeye ameombwa, naye ametoa. Wakili naye ameandika kama anavyowaandikia wateja wote. Swali ni letu sisi tunaotia saini.

Tuchukue mfano. Mahakama ikiamuru yatima alipwe shilingi 30,000,000, asilimia 7 ni shilingi 2,100,000 kwa mwaka. Mdaiwa akizungusha miaka mitatu, ni 6,300,000. Si fedha ndogo kwa mtu anayepanda daladala kutoka Mlandizi kufuata haki yake. Kwa hiyo anayemwambia kijana "acha" awe na hoja nzito, asiwe anatoa sadaka kwa mali ya mwenzake.

Hoja ipo. Deni la fedha halizai fedha kwa sababu tu siku zimepita. Hilo wanazuoni wa zamani na wa sasa wamelishika. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilisema mnunuzi kwa mkopo akichelewa kulipa, haijuzu kumuongezea kitu juu ya deni, hata kama mlikubaliana tangu mwanzo. Mtume (s.a.w.) amemwita tajiri anayechelewesha deni kuwa ni dhalimu, na amehalalisha alaumiwe na aadhibiwe, lakini adhabu hiyo haikufanywa kuwa faida ya anayedai.

Lakini je, baba mdogo ni mdaiwa? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mdaiwa ni mtu uliyemkopesha kwa hiari yako. Yatima hakumkopesha mtu. Msimamizi wa mirathi, wasii, mdhamini wa wakfu, hawa wamepewa amana. Akiihodhi amana na kukataa kuirudisha, wanazuoni wanamtoa kwenye mlango wa deni na kumuingiza kwenye mlango wa ghasbu, yaani uporaji. Na mlango wa ghasbu una hesabu nyingine kabisa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku Pwani, aliyepora kitu chenye manufaa ya kukodishwa anadaiwa ujira wa mfano wake kwa muda wote aliokihodhi, awe amekitumia au amekiacha tu. Aliyepora shamba anarudisha shamba pamoja na mazao yake. Na kitu kilichoporwa kikipotea, kama si cha aina inayolipwa kwa mfano wake, kinalipwa kwa thamani ya juu kabisa kiliyowahi kufikia kati ya siku ya kuporwa na siku ya kupotea. Wahanafi wao hawakuwa wakimtoza mporaji ujira wa manufaa. Hata hivyo wanazuoni wao wa baadaye walipoona watu wanavyokula mali za wanyonge, walivua mambo matatu katika kanuni hiyo: mali ya wakfu, mali ya yatima, na mali iliyoandaliwa kwa ajili ya kukodishwa. Hizo tatu mporaji analipia. Mimi kila nikisoma hilo nashangaa. Hawakuanza na mali ya mfanyabiashara wala ya mtawala. Walianza na asiyeweza kujitetea.

Yapo pia yaliyompata Sayyidna Umar (r.a.) na wanawe, ambayo Imamu Malik ameyapokea katika Muwatta. Abdullah na Ubaydullah walikuwa wanatoka Iraq. Gavana wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari, akawakabidhi fedha za umma wampelekee baba yao, akawaruhusu wanunue bidhaa njiani wakauze Madina, wao wachukue faida na mtaji wautoe. Wakapata faida. Umar akawauliza kama askari wote walikopeshwa hivyo. Wakasema hapana. Akawaamuru watoe mtaji na faida yake. Abdullah alinyamaza, Ubaydullah akatetea kwamba fedha zingepotea wangelipa wao. Mwisho mtu mmoja akashauri ihesabiwe kuwa ni biashara ya ubia wa mtaji na kazi, na Umar akachukua mtaji na nusu ya faida. Fedha ya amana iliyozungushwa ikazaa, na uzao wake haukuachwa wote kwa aliyeishika. Hakuna aliyeita jambo hilo riba.

Kwa hiyo nilimwambia kijana maoni yangu, na Mwalimu hakunipinga. Asilimia 7 kwa jina la riba usiiombe. Badala yake omba mapato. Korosho zina stakabadhi katika chama cha ushirika cha msingi, kilo ngapi, msimu gani, bei gani. Minazi ina madalali wanaojua iliuzwa vipi. Nyumba ina wapangaji. Kipande kilichouzwa, omba kwanza kirudi, na kama hakirudi, omba thamani yake halisi na si bei ya kutupa iliyoandikwa kwenye hati ya mauzo. Ardhi ya Kibaha na Kisarawe si ile ya miaka 15 iliyopita. Barabara ya njia nane imefika Kibaha, reli ya kisasa imepita, bandari kavu ya Kwala imejengwa, na Dar es Salaam nzima inatafuta pa kuhamia. Anayemlipa yatima bei ya zamani na kuongeza asilimia 7 juu yake anaweza kuwa amemdhulumu mara mbili, na yatima akidhani ameshinda.

Wapo watakaosema huu ni ujanja wa kubadilisha jina, kitu ni kile kile. Pingamizi hili ni la haki na lisipuuzwe. Jina halihalalishi kitu. Tofauti iko katika uthibitisho. Mapato ni yale yaliyopatikana, au yale ambayo mali ya namna hiyo kwa kawaida huleta. Yanaweza kuwa makubwa kuliko asilimia 7, na yanaweza kuwa madogo. Mwaka ambao korosho ziliungua kwa ugonjwa, hakuna cha kudai kwa mazao ya mwaka huo. Riba yenyewe haijui ukame wala ugonjwa wa mikorosho. Inahesabu siku tu.

Panabaki fedha taslimu. Kama marehemu aliacha fedha benki, msimamizi akazichukua na kuzila, hazikufanyiwa biashara wala hazikuzaa, basi kwa kauli ya wengi yatima atarudishiwa kiasi kile kile. Nakiri hili linaniuma. Shilingi milioni moja ya mwaka 2005 ilikuwa inanunua vitu ambavyo leo hainunui. Baraza lile lile la Fiqhi lilikwishasema mwaka 1988 kwamba deni lililothibiti kwa fedha hulipwa kwa mfano wake, halifungwi na kupanda kwa bei. Naiheshimu kauli hiyo, lakini sidhani kama waliokaa kuijadili walikuwa wanamfikiria msimamizi anayejua kwamba kila mwaka anaochelewesha deni lake linazidi kuwa jepesi. Hili nawaachia wanazuoni walitazame upya, na nawaomba walitazame wakiwa na mayatima mbele yao.

Sasa twende kwenye gharama, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa upande wa fiqhi gharama halisi hazina tatizo la riba. Nauli, ada za mahakama, malipo ya wakili, hizi ni fedha zilizotoka mfukoni kwa sababu ya dhuluma ya mtu. Ibn Taymiyya alisema kwamba mwenye uwezo akichelewesha haki mpaka mwenzake akalazimika kwenda kushitaki, kilichotumika katika kushitaki ni juu ya yule mcheleweshaji. Wataalamu wanaotunga viwango vya mabenki ya Kiislamu nao wameruhusu mdaiwa mkaidi abebeshwe gharama za kesi, ingawa wamekataza asitozwe nyongeza ya deni. Tazama jinsi sisi tulivyogeuza. Kijana yuko tayari kupambana usiku kucha juu ya riba isiyojuzu, lakini gharama zinazojuzu anaambiwa azisamehe kwa kuwa "ni ndugu".

Sheria ya nchi nayo kimsingi inasema aliyeshindwa alipe gharama, na mahakama isipofuata hivyo itoe sababu. Lakini katika kesi za mirathi amri inayosikika mara nyingi ni kwamba kila upande ubebe gharama zake, kwa vile wanaogombana ni watu wa familia moja. Nia ni njema, undugu usizidi kuvunjika. Hebu tujiulize inavyokuwa huko chini. Upande wa yatima unabeba gharama zake kwa kuuza mbuzi na kukopa kwa jirani. Upande wa msimamizi "unabeba gharama zake" kwa kuingiza mkono katika mali ya marehemu. Kwa hiyo yatima amelipa mawakili wawili: wake, na wa mtu anayemzuia haki yake. Amenunua bakora ya kuchapiwa.

Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, amempa mlezi wa yatima utaratibu ulio wazi. Mlezi mwenye uwezo ajizuie kabisa na mali hiyo, fukara ale kwa kadiri inayojulikana kuwa ni ya haki, na siku ya kukabidhi kuwepo mashahidi. Nani aliyesikia kwamba "kadiri ya haki" ni pamoja na kumlipa wakili wa kuficha hesabu?

Nisieleweke vibaya. Msimamizi mwaminifu akishitakiwa na mvamizi wa shamba, na akaenda mahakamani kulilinda, gharama zake zitoke katika mali, maana anapigana kwa ajili ya wenye mali. Wadhamini wa msikiti wakitetea kiwanja kisichukuliwe, watumie fedha za msikiti bila kuona haya. Hata Waingereza, ambao sheria zetu za udhamini zimetoka kwao, wana kanuni hiyo. Mdhamini hurudishiwa alichotumia kwa haki, na tangu hukumu moja mashuhuri ya zamani mdhamini anayekimbilia kesi bila kuomba kwanza ruhusa ya mahakama anajua kwamba huenda akalipa mwenyewe. Lakini mdhamini anayejitetea yeye, kwa sababu ameulizwa fedha ziko wapi, huyo anatetea shingo yake. Shingo yake ailipie.

Na tusidhani ni mirathi tu. Bodi ya wadhamini wa msikiti ikigawanyika makundi mawili, ambalo si jambo geni kwetu, kila kundi hudai kuwa ndilo bodi halali, kila kundi hutafuta wakili. Fedha zinatoka wapi? Muumini ametia shilingi mia tano katika kapu la Ijumaa akinuia bati la msikiti au maji ya kutawadhia. Imekwenda kulipia kesi ambayo hajui hata namba yake, na kesi ikiisha miaka sita baadaye bati bado linavuja.

Uingereza kulikuwa na tajiri aliyeitwa William Jennens, aliyekufa mwaka 1798 akiacha wasia usiotiwa saini. Jamaa waliojitokeza kudai mali yake walishitakiana wao, watoto wao na wajukuu zao mpaka mwaka 1915, na kesi ikaachwa kwa kuwa gharama zilikuwa zimeimaliza mali. Sisi huku hatuhitaji miaka 117. Shamba la ekari tatu linamalizwa na kesi ya miaka minne.

Mawakili siwalaumu, wanakula jasho lao. Na kanuni za malipo yao zina meno: anayepeleka mahakamani orodha ya gharama, ikakatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, ananyimwa gharama za ukaguzi huo. Tatizo si anayelipwa. Tatizo ni mfuko unaolipa.

Mzee mmoja pale barazani aliniambia neno ambalo nalichukulia kwa uzito. "Ustadhi, mkisema msimamizi alipe kutoka mfukoni, nani atakubali usimamizi? Watu wema watakimbia, watabaki wenye tamaa." Ni kweli watu wema wanaogopa. Lakini kinga yao ipo na ni rahisi. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awe amewasilisha orodha ya mali na madeni, halafu atoe hesabu ya jinsi alivyogawa. Chini ya Sheria ya Mirathi ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu, isipokuwa mahakama ikimuongezea muda. Anayetoa hesabu kwa wakati, mbele ya mashahidi, hata akishitakiwa na mrithi mchokozi, hakimu ataona nani alipe, na katika hali hiyo mrithi huyo ndiye alipe. Maana wapo pia warithi wanaoshitaki kwa chuki tu, wakijua kwamba kesi itamaliza urithi wa wadogo zao.

Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu, na usimamizi wa serikali juu ya wakfu kule ulianza mwaka 1905. Bara tumebaki na Kabidhi Wasii Mkuu, usajili wa bodi za wadhamini, na vifungu vya wakfu ndani ya Sheria ya Mirathi ambavyo wengi wetu hatujawahi hata kuvisikia. Haiwezekani wote tusubiri kadhi. Mrithi anaweza leo hii, katika karatasi ya madai, kuomba amri kwamba msimamizi asichukue hata senti ya mirathi kulipia kesi inayomhusu yeye binafsi mpaka hesabu zikaguliwe. Ni sentensi moja, na hakimu akiombwa atalazimika kuijibu.

Nirudi Maili Moja. Mwalimu alimwomba kijana kalamu. Kwa ruhusa yake akaikata ile mistari ya riba, akaandika pembeni kwa mwandiko wa madrasa neno "mapato", na chini ya gharama akaandika "kutoka kwa mdaiwa mwenyewe, si katika mali ya marehemu". Akamwambia ampelekee wakili aiweke katika lugha yao.

Kisha akamuuliza: "Baba yako alifariki mwaka gani, mwanangu?" Kijana akataja mwaka. Wazee wakaanza kuhesabu misimu ya korosho kwa vidole. Yule aliyesema samehe yote ndiye aliyekuwa anakumbuka vizuri zaidi mwaka gani zilizaa sana, na mwaka gani baba mdogo aliezeka nyumba yake.